Vifuko vya Ndama

"Una dakika kumi," alisema Profesa Halvard Lysne bila kuinuka. "Saa tano nina kikao na watu wa Oslo."

"Nitachukua ninazohitaji," alijibu Inspekta Borghild Aunet. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akakikalia. Theluji iliyokuwa mabegani mwa koti lake ilianza kuyeyuka na kudondoka kwenye zulia. Profesa alilitazama zulia, kisha akamtazama yeye, kama mtu aliyekosewa mara mbili.

Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi hiyo, saa moja, Synne Krokstad, mtafiti wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa amekutwa amekufa sakafuni katika chumba cha naitrojeni, chini kabisa ya jengo hili la utafiti wa seli mjini Trondheim. Mwili haukuwa na jeraha. Daktari wa polisi alisema amekosa hewa, na kwamba alifariki tangu jana jioni.

"Ni ajali," Lysne alisema. "Naitrojeni ya maji ikigeuka hewa huifukuza oksijeni chumbani. Haina rangi, haina harufu. Unahema mara mbili tatu, unaanguka. Kila mtu hapa amefundishwa hilo siku ya kwanza. Yeye alikuwa mgumu wa kufundishika."

"Unamsema marehemu hivyo?"

"Kufa hakumpi mtu akili aliyokuwa hana."

Borghild aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, polepole, mpaka Profesa akaanza kugonga meza kwa kalamu.

"Mligombana Jumatano," Borghild alisema. "Kwenye chumba cha chakula, watu kumi na wanne wakisikia."

"Aligomba yeye. Mimi nilikuwa nakula. Alisimama akanionyesha kidole akapiga kelele, 'Ndama! Ni ndama tu!' Akarudia mara tatu. Nimefundisha miaka thelathini, Inspekta, sijapata kuitwa ndama na mtu ninayemlipa mshahara."

"Kwa nini ndama?"

"Muulize yeye." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Alikuwa na wivu. Maabara hii imegundua namna seli za mwili zinavyotumiana ujumbe. Seli hutoa vifuko vidogo mno, hata hadubini ya kawaida haivioni, na ndani ya vifuko hivyo kuna maagizo kwa seli jirani. Sisi tumepata agizo moja linaloiambia seli ya saratani iache kuzaana. Jumanne ijayo wagonjwa arobaini wanaanza kudungwa dawa iliyotokana na agizo hilo. Wewe unaelewa ninachosema, au nitafute picha?"

"Naelewa. Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?"

"Mezani kwa mkuu wa chuo. Tangu saa kumi na nusu mpaka saa mbili. Tulikuwa tisa, tulikula samaki. Muulize hata samaki." Akatazama saa yake. "Dakika zako zimekwisha."

Borghild alikuwa amekwisha kumuuliza mkuu wa chuo. Ilikuwa kweli. Aliinuka, akakung'uta maji yaliyobaki kwenye koti, juu ya zulia lile lile, akatoka.

Chini alimkuta Oddny Bakkan akimngoja mbele ya mlango wa chumba cha naitrojeni, mikono ameikunja kifuani. Oddny ndiye aliyeuona mwili. Alikuwa mhudumu mkuu wa maabara, miaka ishirini na minne kazini, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyochubuka kwa dawa za kusafishia.

"Wewe ndiye uliyetumwa kutafuta wa kumtwika," alisema kabla hajasalimiwa.

"Nimetumwa kutafuta kilichotokea."

"Kwenu hayo ni mamoja."

Borghild alifungua mlango. Chumba kilikuwa kidogo, cha mapipa sita ya chuma yaliyohifadhi seli zilizogandishwa. Mlangoni, usawa wa macho, kulikuwa na kidirisha cha kioo. Ukutani kilining'inia king'ora cha kupima oksijeni. Waya wake ulikuwa umezungushwa vizuri na plagi imeng'olewa.

"Nani aliing'oa?"

"Mimi." Oddny aliinua kidevu. "Mwezi wa nane. Andika. Kilikuwa kinalia mchana kutwa, hewa ni salama na chenyewe kinalia, maana kipimo chake kimekwisha muda. Nimeandika barua tatu kuomba kipya. Zote ziko juu kwa yule bwana. Haya, nikamate, ukale chakula chako cha mchana."

"Sijasema nakukamata."

"Hamsemagi. Mnakamata tu."

"Na hewa hii inatolewaje nje?"

Kwa mara ya kwanza Oddny alimwangalia Inspekta usoni.

"Kuna feni kwenye dari," alisema. "Hutoa hewa saa zote. Swichi yake iko huku nje, hapo mkononi kwako."

"Ulipofika leo asubuhi ilikuwa ikizunguka?"

"Hapana. Miaka tisa, tangu tuhamie jengo hili, napita korido hii na ile feni inanguruma. Leo nilisimama nikashangaa ukimya. Nikawasha kwanza, nikangoja, ndipo nikachungulia kwenye kioo nikamwona." Akayaonyesha mapipa kwa kidevu. "Valvu ya kujazia naitrojeni ilikuwa wazi. Ningeingia kichwa kichwa mngetukuta wawili."

Borghild aliinama kwenye swichi. Ilikuwa imefunikwa kwa utepe wa manjano wa mafundi umeme, lakini sasa utepe ulining'inia upande mmoja. Haukuchanika. Ulikuwa umebanduliwa kwa ukucha, kutoka pembeni, kwa utulivu.

"Huu utepe?"

"Niliuweka mimi. Wafagiaji walikuwa wanaizima wakidhani ni taa."

"Jana walikuja wafagiaji?"

"Alhamisi hawaji."

"Alama za vidole?"

"Bahati njema," Oddny alisema kwa kebehi. "Humu ndani tunavaa glavu tangu asubuhi mpaka tunarudi kwetu."

Borghild aliubandua utepe kwa kibanio, akautia kwenye bahasha na kuandika saa. King'ora kilizimwa mwezi wa nane kwa sababu ya uchovu na ubahili. Lakini feni ilizimwa jana, na mkono uliojua valvu iko wazi. Kulikuwa na mtu nyuma ya kifo hiki, na hakuwa marehemu, kwa sababu swichi ilikuwa nje na marehemu alikuwa ndani.

Sajini Moen alishuka na karatasi ya milango. Kila mlango muhimu ulifunguliwa kwa kadi, na kila kadi iliacha alama. Synne aliingia chumba cha naitrojeni saa kumi na moja na dakika sita. Wakati huo, katika jengo zima, walikuwa wamebaki watu watatu: Synne, mlinzi wa mapokezi ambaye kamera ilimwonyesha kitini pake jioni yote, na Dkt. Jostein Vollan, aliyeingia chumba cha kuoteshea seli saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mlango huo ulirekodi kuingia tu. Kutoka haukurekodi.

Leo pia Vollan alikuwa mle mle. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye mwili wa mtu wa kuteleza kwenye theluji kwa skii, sweta lake zuri likionekana chini ya koti jeupe. Jina lake ndilo lililotangulia kwenye makala iliyomletea Profesa sifa.

"Ah, Inspekta," alisema. "Baiskeli zilizoibwa mjini zimekwisha kupatikana zote?"

"Jana jioni ulifanya nini humu?"

"Nililisha seli zangu. Chupa tisa. Nilianza nilipoingia, nikamaliza saa moja. Ni kazi ya mikono, haina haraka. Sikuona mtu, sikusikia kitu, naomba msamaha kwa kutokuwa na msaada."

"Kulisha ni kufanya nini?"

Alishusha pumzi kama mwalimu aliyechoka. "Seli zinakaa ndani ya mchuzi. Unamwaga wa zamani, unaweka mpya. Seli hai hula na hunya, Inspekta, kama wewe."

"Nionyeshe hizo chupa."

Alifungua kabati la joto. Chupa zilikuwa bapa, zimelazwa kwa safu kwenye rafu mbili. Za juu zilikuwa na maji mekundu, rangi ya juisi ya beri. Za chini zilikuwa na maji ya manjano kama mkojo wa asubuhi.

"Zako zipi?"

"Za chini. Za juu ni za Synne." Akanyoosha mkono kufunga.

Borghild aliweka bega mlangoni mwa kabati. Akapiga picha rafu ya juu, kisha ya chini, moja moja, bila haraka.

"Mbona rangi hazifanani?"

"Seli si askari, hazivai sare. Unaziingizia baridi. Funga."

Alimwacha afunge. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kuoshea vyombo, ambako Oddny alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akila mkate wake wenye jibini la kahawia, karatasi imetandazwa magotini. Borghild alimsogezea simu yenye picha.

"Sijui chochote kuhusu haya mambo," alisema. "Nisomee."

Oddny alifuta vidole, akaitazama picha kwa sekunde tatu.

"Za juu zimelishwa jana. Za chini zina njaa. Siku nne, pengine tano."

"Unajuaje?"

"Mchuzi umetiwa rangi inayofuata uchachu. Mpya ni mwekundu. Seli zikila, unachacha, unageuka manjano. Hata wafagiaji wanajua."

"Na mtu akisema zile za chini alizilisha jana jioni?"

Oddny aliuweka mkate chini. "Nani kasema?"

"Twende ukamsikie mwenyewe."

Vollan alipowaona wakiingia pamoja alicheka. "Naona polisi wamepata mtaalamu. Mwosha chupa."

"Naziosha, ndiyo," Oddny alisema. "Ndiyo maana najua zipi hazijaguswa."

Borghild alirudia swali lake. Vollan akarudia jibu lake: chupa tisa, jana jioni. Inspekta akamwambia habari ya rangi. Vollan hakutikisika.

"Ni bakteria," alisema. "Chupa ikiingiliwa na bakteria inageuka manjano kwa usiku mmoja. Inatokea. Inatokea hasa pale vyombo visipooshwa vizuri." Akamtupia Oddny jicho.

Borghild hakujua kama hilo ni kweli. Alimgeukia Oddny, na Oddny akatikisa kichwa kukubali: ndiyo, hutokea.

Kwa muda kidogo Vollan alionekana mshindi.

Lakini Oddny alikwisha kuvaa glavu. Alitoa chupa moja ya chini, akaiinua kwenye dirisha, mwanga wa theluji ukapita ndani yake. "Mchuzi wenye bakteria huwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele," alisema. "Huu unaona mpaka upande wa pili." Akaiweka chini ya hadubini, akarekebisha, akasogea. "Tazama mwenyewe, Inspekta. Vile vikubwa ni seli. Bakteria wangekuwa wadogo, wanachezacheza katikati yao kama pilipili manga iliyosagwa. Unawaona?"

Borghild alitazama. "Sioni kitu katikati."

"Kwa sababu hakipo. Ni safi. Ni njaa tu." Akazipitisha zote tisa, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa safi.

"Haya, sikulisha," Vollan alisema. "Nilichoka, nilikaa. Kukaa ni kosa?"

"Ulikaa saa mbili ukitazama kabati?"

"Sina zaidi la kusema."

"Basi utalisemea kwingine." Alimwita Moen, akamwambia asimwache aguse hata bomba la maji.

Koridoni Borghild alimshika Oddny mkono. "Jumatano Synne alipiga kelele 'ndama'. Profesa anasema alikuwa anatukanwa."

"Yule kila neno hudhani linamhusu yeye." Oddny aliutoa mkono wake, ila hakuondoka. "Unajua mchuzi ule unatengenezwa na nini? Sukari, chumvi, na maji ya damu ya ndama. Bila hiyo damu seli hazikui. Sasa damu ya ndama nayo ina vifuko vyake, mamilioni kwa mamilioni. Synne alikuja kuniomba mchuzi mtupu, usiowekwa seli hata moja. Nikampa. Akaupima. Akakuta agizo lile lile la Profesa limo ndani, linaelea."

Borghild alitafakari kidogo. "Kwa hiyo ujumbe haukutoka kwenye seli za mtu."

"Ulitoka machinjioni. Seli za saratani mle kwenye chupa zilikuwa zinapungua kwa sababu nyingine, labda njaa, mimi si daktari. Lakini vile vifuko vilikuwa vya ndama. Wagonjwa arobaini wangedungwa kitu kisichofanya kazi, na tayari wameachishwa dawa nyingine ili kukipisha."

"Kabla ya makala kutoka hakuna aliyepima mchuzi mtupu?"

"Imeandikwa kwamba ulipimwa na haukuwa na kitu. Anayesema aliupima ni Jostein." Oddny akacheka bila furaha. "Mchuzi hutolewa na mimi. Mwaka ule hakuja kuniomba hata tone."

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa fundi wa kompyuta wa polisi. Borghild alisikiliza, akaandika nyakati mbili kwenye ukurasa wa daftari lake, akamshukuru.

Walimleta Vollan kwenye ofisi ya Synne. Ilikuwa ndogo, dirisha lake likitazama maegesho. Koti la marehemu lilikuwa kwenye ndoano. Simu yake ilikuwa juu ya meza kando ya kikombe cha chai iliyojaa, imefanya utando juu. Oddny alisimama pembeni kwa ombi la Inspekta, na Moen akasimama mlangoni. Borghild alimwambia Vollan kwamba ana haki ya wakili na haki ya kunyamaza. Vollan alisema hahitaji wakili kwa ajili ya chupa tisa za mchuzi.

"Kaa," Borghild alisema.

"Nitasimama."

"Kaa kama ulivyokaa jana. Kompyuta hii ilifunguliwa saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, ikafungwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili. Yalifutwa mafaili mia mbili na kumi na manne. Synne aliingia kule chini dakika sita kabla na hakutoka tena. Maiti haifuti mafaili, Daktari."

Vollan alitazama dirishani. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Sawa," alisema hatimaye. "Niliingia. Mlango ulikuwa wazi. Nilifuta mafaili, nikachukua daftari lake la maabara, nikalitia kwenye mfuko wa taka. Limeshapikwa kwenye jiko la mvuke la kuulia vijidudu na kutupwa. Ni wizi. Nishtaki kwa wizi. Mtu sikumgusa."

"Kwa nini uliiba?"

"Kwa sababu alikuwa anataka kunimaliza!" Sauti ilimpanda. "Miaka saba! Miaka saba nalala kwenye kochi la maabara hii, halafu anakuja msichana mwenye chupa tupu moja! Alitaka kutuma barua Oslo Ijumaa. Leo! Kwa chupa tupu!"

"Tupu lakini ulishindwa kuipima," Oddny alisema.

"Nyamaza, wewe!"

"Bibi Oddny," Borghild alisema bila kumwondolea Vollan macho, "kujaza pipa moja huchukua muda gani?"

"Dakika kumi. Ukikutana na mpiga porojo, kumi na tano."

"Dakika kumi na tano. Na hapa aliacha koti, simu, chai ya moto. Mlango aliuacha wazi. Mtu yeyote angejua anarudi sasa hivi." Borghild alisogea akageuza kiti, mgongo wa kiti ukaelekea mlangoni. "Mwizi huiba jicho likiwa mlangoni. Anachukua daftari, anakimbia. Wewe ulikaa kwenye kiti hiki, umeupa mlango mgongo, ukafuta faili moja moja kwa dakika thelathini na sita. Ulijuaje kwamba hatarudi?"

Vollan aligeuka akautazama mlango.

"Nakuuliza tena. Ulijuaje?"

"Nilidhani amekwenda nyumbani."

"Bila koti? Mwezi wa kumi na moja?"

Alikaa. Alikaa kwenye kiti kile kile, kisha alipotambua amekaa wapi akataka kuinuka, akabaki ameshika mikono ya kiti.

"Nilimfuata kuzungumza naye," alisema. Sasa alikuwa akiongea chini kwa chini, na Moen alilazimika kusogea ili aandike. "Nilimwambia anipe mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu. Akasema wagonjwa hawana mwezi. Akaingia, akanifungia mlango usoni. Nikamsikia anafungua valvu. Nilibandua ule utepe. Nilitaka atoke. Ahisi vibaya kidogo, atoke, tuzungumze."

"Ile hewa mtu haihisi. Ulifundishwa siku ya kwanza."

Vollan aliangalia koti lililokuwa kwenye ndoano.

"Ulitazama kwenye kioo?"

"Alikuwa amepiga magoti. Kama anatafuta kitu kilichodondoka." Alijifuta mdomo kwa mkono wa koti. "Ningefungua mlango ningeanguka na mimi."

"Hukuwa na haja ya kufungua. Swichi ilikuwa mkononi kwako."

Oddny aliugeuzia ukuta uso wake. Borghild akamfunga Vollan pingu mwenyewe, akazikaza zaidi ya ilivyohitajika, kisha akazilegeza kidogo kwa kuwa sheria ilitaka hivyo.

Profesa Lysne aliwakuta kwenye ngazi. Alisikiliza habari huku akimwangalia msaidizi wake kama mtu anayeangalia gari lililopata ajali, la mtu mwingine.

"Ni msiba," alisema. "Lakini wazimu wa mtu mmoja hauhusiani na sayansi. Jumanne iko pale pale."

"Agizo lenu ni la ndama," Borghild alisema.

"Anasema nani? Daftari? Liko wapi? Mafaili? Yako wapi?" Alishuka ngazi moja ili awe karibu naye zaidi. "Huna kitu, Inspekta. Una muuaji wako, mchukue, kaanike ushindi wako magazetini. Dawa yangu huna mamlaka ya kuizuia, na ukijaribu nitakutafuta mpaka kwenye malipo yako ya uzeeni."

"Ni kweli, sina mamlaka," Borghild alisema. Akamgeukia Oddny. "Kupima mchuzi mtupu kunachukua siku ngapi?"

"Nikianza sasa, Jumatatu asubuhi."

"Anza."

Oddny alianza. Alijaza chupa tatu mchuzi mpya bila kuweka ndani seli hata moja, akitaja kila hatua kwa sauti huku Moen akiandika. Alizitia kwenye kabati la joto kama chupa yoyote. Borghild alibandika muhuri wa polisi mlangoni, akasaini, akamtaka Profesa naye asaini. Profesa alisaini kwa kalamu iliyotoboa karatasi. Kisha Inspekta akapiga simu Oslo, kwa daktari aliyesimamia wagonjwa wale arobaini, akamweleza anachokijua na asichokijua. Daktari yule naye hakuwa na maneno matamu. Alisema hasimamishi kazi ya miaka mitatu kwa neno la polisi, ila atangoja simu ya Lysne mwenyewe mpaka Jumatatu saa sita mchana.

Jumatatu saa tatu asubuhi muhuri ulikuwa mzima. Oddny aliuvunja mbele yao. Aliumimina mchuzi kwenye vichupa, akauzungusha kwenye mashine inayokwenda kasi mpaka vifuko vikakaa chini, akavikusanya, akavipeleka kwenye mashine ya kusomea. Alipomaliza, saa sita ilikuwa imebakiza dakika ishirini. Mstari ulianza kuchorwa kwenye kioo cha kompyuta. Ulikwenda bapa, bapa, kisha ukapanda kama mlima, pale pale ambapo kwenye makala ya Profesa mlima ule ulikuwa.

"Chupa imechafuka," Lysne alisema.

Oddny akaweka ya pili. Mlima ule ule.

"Mashine haijarekebishwa."

"Uliirekebisha mwenyewe saa mbili asubuhi, nikikuona," Borghild alisema.

Ya tatu ilipopanda Profesa alishika ukingo wa meza. Alikuwa mtu mzima sana, jambo ambalo Borghild hakuliona Ijumaa.

"Niacheni nipige simu," alisema.

"Piga," Oddny alisema, akavuta kiti akakaa karibu naye. "Mimi sitoki. Huyo msichana alilala chini kule hana hata mmoja wa kumtazama. Mimi nitatazama."

Lysne alimtolea macho. Oddny hakupepesa. Akapiga, na Oslo ikapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Sitisheni," alisema. "Wote arobaini." Alisikiliza. "Hapana. Si kuahirisha. Kusitisha. Warudisheni kwenye dawa zao za zamani leo hii." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, na shingo yake ikawa nyekundu. "Ndiyo. Kosa lilikuwa kwenye mchuzi. Hapana, sikuligundua mimi."

"Mwambie ni nani," Oddny alisema.

Profesa alifunika simu kwa kiganja. "Wewe mwanamke—"

"Mwambie."

Borghild alikuwa amekwisha kuvaa koti lake, lakini hakusogea. Kule Oslo mtu alikuwa akingoja na kalamu mkononi. Lysne aliondoa kiganja.

"Synne Krokstad," alisema. Akasikiliza. "Ndiyo, andika. Hapana, si hivyo." Akafumba macho, akaanza kulitaja upya, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.